Baba mdogo anataka mine, mimi napenda maabara: nichague wapi Lubumbashi?

Swali: "Jambo Mama. Nina miaka 19, ninakaa Katuba. Mwaka huu nimepata diploma ya Eta, ile ya kumaliza sekondari, katika biokimia, asilimia 63. Baba mdogo ndiye atakayenilipia masomo, na anataka niingie Politekniki, fakilte ya mainjinia, nisome mine, yaani uchimbaji wa madini, maana anasema Lubumbashi ni mine tu. Mimi tangu humanite, yaani sekondari ya juu, napenda maabara. Shangazi alipolazwa, nilikuwa ninasimama mlangoni kwa watu wa maabara nikimwangalia kijana wa mikroskopi mpaka ananifukuza. Rafiki yangu naye ananivuta kwenye iniverisite moja ya binafsi karibu na nyumbani: unalipa kwa vipande, na wanasema huko hakuna migomo. Mama yangu anauza samaki soko la Kenya, hapa hapa mjini, hana cha kuongeza. Nichague wapi? Na nikishaingia nifanye nini ili nisipoteze pesa za watu?"

Binti yangu, jambo sana, na hongera. Asilimia 63 katika biokimia ni kazi, usikubali mtu akwambie ni bahati.

Nianze na baba mdogo. Yeye ndiye anayelipa, na isitoshe amesema jambo la kweli, ila amelisema nusu. Mji huu umejengwa na shaba, hakuna wa kubisha. Lakini mine si shimo na malori peke yake. Jiwe likitoka shimoni, hakuna anayejua lina shaba kiasi gani mpaka mtu wa maabara aseme. Wanachukua sampuli, wanaisaga mpaka inakuwa laini kuliko unga wa bukari (ugali) uliochekechwa mara mbili, wanaipima kwenye mizani inayoona hata sehemu ndogo ya gramu, wanaiyeyusha kwa asidi, ndipo mashine inasoma. Ukiona chupa mbili kwenye meza hiyo huzisahau: maji ya shaba ni bluu, maji ya kobalti ni ya rangi ya waridi. Kiwandani, jiwe la oksidi kama malakiti, lile la kijani, linaloweshwa kwa asidi ya salfuriki. Shaba inatengwa, inapitishiwa umeme mpaka inajipanga juu ya mabamba. Kobalti inatoka upande wake, mara nyingi ikiwa hidroksidi. Katika kila hatua kuna mtu anayengoja karatasi ya maabara kabla ya kufungua bomba au kulifunga. Kazi hiyo ni ya zamu, usiku na mchana.

Kwa hiyo yeye anayetaka mine na wewe unayetaka maabara hamjapishana sana kama mnavyofikiri. Nimeona familia zikigombana mwaka mzima juu ya jina la fakilte, kumbe mtoto na mzazi wanataka kitu kilekile kwa majina mawili.

Sasa jiulize jambo moja ambalo barua yako haikulisema. Maabara unayoipenda ni ya jiwe au ya mgonjwa? Yule kijana uliyekuwa unamwangalia alikuwa anafanya nini? Kama ilikuwa gutu epesi, kipimo cha damu cha malaria, basi alitandaza tone la damu juu ya kioo, akaliacha likauke, akalipaka rangi ya Giemsa, akatia tone la mafuta, akashusha lenzi ya mara 100 mpaka ikagusa mafuta, akaanza kutafuta vimelea vya malaria, eneo baada ya eneo, jicho likiwa pale pale. Mtu anafanya hivyo mara arobaini kwa siku. Kilichokuvuta ni ile subira ya jicho, au ni kwamba nyuma ya kioo kile kuna shangazi? Kama ni shangazi, nenda hospitali. Kama ni kazi yenyewe, ya kupima na kujua kilichomo ndani ya kitu, basi jiwe litakupa raha ileile, na katika mji huu milango yake ni mingi.

Milango ninayoiona mbele yako ni hii. Wa kwanza ni ISTM, chuo cha ufundi wa tiba, kwenye seksheni ya ufundi wa maabara. Huko unatoka ukiwa mtu wa maabara ya hospitali, na mikono yako inaanza kazi mapema. Wa pili ni kemia katika Fakilte ya Sayansi ya UNILU, Iniverisite ya Lubumbashi. Huu ni mpana, unakuacha uende kiwandani, kwenye maji, kwenye vyakula, au ubaki kufundisha. Wa tatu ni Politekniki yenyewe ya UNILU, lakini upande wa metalurji au kemia ya kiwanda, badala ya mine ya shimo. Huu wa tatu ndio ambao baba mdogo ataukubali bila kuuliza mara mbili. Lakini kabla hujaukimbilia, chukua buletini zako, zile ripoti za shule, za miaka miwili ya mwisho ya humanite, utazame pointi za hesabu peke yake. Usitazame jumla. Politekniki mwaka wa kwanza haikuulizi kemia kwanza. Inakuuliza hesabu na fizikia, na utakaa benchi moja na vijana wa math-fizik waliokula hesabu miaka minne. Mtoto wa biokimia anaweza kufika. Nimewafundisha kemia watoto wa biokimia miaka ishirini na miwili na wako walioingia Politekniki wakatoka mainjinia. Wote walikuwa na jambo moja: hesabu yao ya humanite ilikuwa imesimama. Kama yako ilikuwa inachechemea na pointi zilizokubeba ni za biolojia na kemia, usiende kuvunjwa moyo na pesa ya mtu.

Udaktari hukuutaja, nami sitakusukuma. Ni masomo yasiyopungua miaka sita, na mlipaji wenu ni mmoja.

Kuna neno moja ambalo litawagonganisha nyumbani msipolisafisha mapema. Baba mdogo akisema "lisansi" anamaanisha ya zamani: graduat miaka 3, kisha lisansi miaka 2 juu yake, jumla 5. Wewe unaingia katika LMD, mfumo wa lisansi, master na doktora, ambao vyuo vyetu viliuanza kwa wote kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022. Lisansi yako ni miaka 3 na krediti 180, maana yake 60 kila mwaka na 30 kila semesta. Master ni miaka 2 mingine. Kwa hiyo ukimwambia "nitamaliza lisansi baada ya miaka mitatu" atafikiri unamdanganya au chuo ni cha uongo. Na ukimaliza hiyo mitatu ukamwambia bado kuna master, atasema umebadilisha maneno. Kaeni mezani, mwandikie miaka kwenye karatasi: L1, L2, L3, M1, M2. Muulize amejiandaa kulipa mpaka wapi. Akisema mpaka L3, chagua fani ambayo mtu wa L3 anapewa kazi. Ufundi wa maabara ya hospitali ni mmojawapo. Uinjinia sivili sivyo. Huo ukiishia L3 haukupi jina la injinia sivili.

Tuje kwenye iniverisite ya rafiki yako. Mimi sina vita na vyuo vya binafsi. Katika mji huu viko vinavyofundisha kwa uaminifu, na viko vya mashirika ya dini ambavyo kampuni zinavijua na kuviheshimu. Lakini "unalipa kwa vipande" na "hakuna migomo" ni habari za malipo na za kalenda. Hazikwambii kitu juu ya masomo. Nenda ukaulize mambo matatu, na uende na mtu mzima.

Ulizia arete, yaani karatasi ya ministri inayoruhusu chuo kifanye kazi, na uone nakala yake kwa macho yako. Elimu ya nchi yetu inaongozwa na sheria ya 11 Februari 2014, na chuo cha binafsi hakijizalii chenyewe, kinaruhusiwa. Kisha, na hapa ndipo wengi wanaponaswa, angalia kama ruhusa hiyo inataja fani unayoitaka. Chuo kinaweza kuwa na ruhusa ya sheria na uchumi, kikafungua "petroli na gazi" au "sayansi ya afya" mwaka wa pili kwa sababu wazazi wanaiulizia. Jengo ni halali, fani haipo kwenye karatasi. Tatu, uliza promosheni ya kwanza, yaani kundi la kwanza la wanafunzi wa fani hiyo, imetoka lini, na kama diploma zao zimeshaidhinishwa na ministri. Ukijibiwa "dosie iko Kinshasa", uliza tangu mwaka gani.

Nimesindikiza mtoto wa dada yangu kwenye chuo kimoja, sitakitaja. Geti jipya, maua, vigae vinang'aa. Tukaomba kuona maabara. Kijana aliyetupokea akatafuta ufunguo kwa dakika ishirini. Mlango ulipofunguka tukaona mikroskopi sita, nzuri kabisa, bado ndani ya plastiki zake za dukani, na vumbi juu ya plastiki. Nikauliza wanafunzi wanaanza lini kuzigusa. Akajibu kwa heshima zote: mwaka wa mwisho, kama kifaa kimoja kinachokosekana kimefika. Mtoto wa dada yangu alikuwa ameshapenda maua. Tulirudi nyumbani bila kusema neno.

Wiki hiyohiyo tukaenda mahali pengine. Chumba kidogo, madirisha mawili, mikroskopi tatu za zamani ambazo rangi yake imetoka pale vidole vinaposhika. Meza ilikuwa na madoa ya zambarau ambayo hayatoki tena kwa sabuni yoyote, sinki nalo lilikuwa zambarau. Wasichana wawili walikuwa wanaosha vioo na wakaendelea kuosha, hawakusimama kwa ajili yetu. Mmoja wao nikamwomba daftari lake la TP, yaani kazi za vitendo za maabara. Kila ukurasa ulikuwa na tarehe, mchoro wa alichokiona, hesabu, na saini nyekundu ya asistanti. Nikamwambia mtoto: hapa. Leo anafanya kazi.

Kwa hiyo ukienda, usiwaulize wakubwa wa ofisi. Tafuta mwanafunzi wa L2 wa fani ile, msalimie vizuri, mwombe akuonyeshe daftari lake la TP. Akiwa nalo, funua uhesabu kurasa. Akicheka akasema TP wanazipata kwenye silabisi, ile kozi iliyochapwa, yaani wanazisoma bila kuzifanya, umepata jibu. Fanya hivyo kila mahali, hata UNILU, hata ISTM. Jina kubwa halikupunguzii haki ya kuangalia.

Nalo jina la UNILU watu wanalipenda kwa sababu. Chuo kilifungua milango mwaka 1956, mji ukiitwa bado Elisabethville. Mwaka 1971 kikaingizwa pamoja na vile vya Kinshasa na Kisangani katika iniverisite moja ya taifa, UNAZA. Mwaka 1981 kikarudi kusimama peke yake. Karibu kila ofisi unayoingia hapa Katanga utamkuta mtu aliyepita Kasapa, kwenye kampasi ya UNILU, na hilo lina faida siku ya kutafuta staji, yaani mazoezi ya kazini. Lakini nikwambie na upande wa pili, ili usije ukalia mwezi wa tatu. Katika vyuo vya serikali odituari, ukumbi wa masomo, ya mwaka wa kwanza inajaa. Ukifika saa mbili unasikilizia dirishani. Migomo ipo, na mwaka unaweza kurefuka. Hakuna atakayekuita jina lako kuuliza kwa nini jana hukuja. Anayehitaji kushikwa mkono anaumia huko. Wewe, uliyekuwa unasimama mlangoni kwa watu wa maabara bila kutumwa na mtu, nadhani utaweza.

Shauri langu, kama ungekuwa binti yangu wa kumzaa: kama jibu lako ni mgonjwa, ISTM, ufundi wa maabara. Kama jibu ni kupima na kujua, na hesabu yako ni ya katikati, kemia katika Fakilte ya Sayansi. Politekniki kama hesabu imesimama na baba mdogo ameahidi miaka yote. Ya rafiki yako iache, isipokuwa ikijibu yale maswali matatu na daftari la TP lina kurasa.

Pesa. Watu wanahesabu minervali, yaani ada ya chuo, wanafunga kitabu. Minervali ni kile unachokiona; kinachowaangusha wanafunzi ni vile vidogo. Wewe unatoka Katuba. Kasapa iko upande wa pili kabisa, unavuka mji mzima, na kwa kawaida utabadilisha taksibus katikati. Mbili kwenda, mbili kurudi, ni nauli 4 kwa siku. Kwa siku tano ni 20. Tuseme semesta ina wiki 15, hizo ni nauli 300, na mwaka una semesta mbili. Zidisha kwa bei ya nauli ya leo, ndipo utaona kwamba njia yenyewe ni minervali ya pili. Ongeza silabisi za kila kozi, bluzi nyeupe ya maabara, kalkuleta, pesa za TP, fotokopi, chakula cha mchana hata kama ni mikate na karanga, na mwaka wa mwisho kuchapa memuari, ile kazi ya kumalizia masomo. Andika yote, mpe baba mdogo karatasi nzima sasa, kabla hajalipa cha kwanza. Mlipaji anayeshtuka mwezi wa kwanza anazoea. Anayeshtuka mwezi wa sita anakasirika, na anakuwa na haki.

Uliza kama kuna ndugu anayekaa Kalubwe au Golf, upande wa njia ya Kasapa. Kulala kwake siku za wiki ukamsaidia kazi za nyumbani kunaweza kukuokolea zile nauli, na saa mbili za kulala. Lakini pima nyumba yenyewe kwanza. Ikiwa utakuwa unapika, unafua na kulea mpaka saa tano usiku, nauli ni rahisi kuliko hiyo.

Sasa umeingia. Nitasema sana juu ya semesta ya kwanza, kwa sababu ndiyo inayoamua mengi, na wengi wanaipoteza wakidhani bado wanatafuta viatu.

Kaa mbele. Asistanti na CT, yule mwalimu aliye kati ya asistanti na profesa, ndio watakaokufundisha kazi, kuliko profesa ambaye huenda utamwona mara chache, na wao wanakumbuka sura za benchi ya mbele. Mwezi wa kwanza, TP ikiisha, baki uoshe vyombo. Ninasema hivi nikiwa najua ninachokisema. Anayebaki kuosha vyombo anaonyeshwa jinsi ya kusafisha lenzi, anaachiwa ajaribu mizani, na siku asistanti akihitaji msaidizi jina lake liko mdomoni.

Usisome silabisi peke yake. Silabisi ya kozi nyingi imepita mikono ya promosheni kumi, makosa ya kuchapa yamekuwa ni masomo. Nimeona darasa zima likikariri fomula iliyokosa namba moja chini. Kila sura ya silabisi, tafuta kitabu chake cha kweli maktabani, hata kama ni cha zamani. Kemia ya msingi haijaoza. Intaneti nayo ipo, ila megabaiti unalipa, basi pakua usiku zikiwa rahisi, soma mchana ukiwa umezima.

Halafu lugha. Kozi ni Kifaransa, mtihani ni Kifaransa, na watoto wetu wengi wanakariri Kifaransa wasichokielewa mpaka mwisho. Tengeneza kikundi cha watu wanne, wasizidi watano. Elezaneni somo kwa Kiswahili, ugomvi wote uwe kwa Kiswahili, na mkishaelewana, kila mtu aandike jibu kwa Kifaransa peke yake, kisha mlinganishe. Kwa nini samaki wa mama yako akitiwa chumvi anatoa maji? Hiyo ni osmosi. Ukiweza kumweleza mama pale mezani kwake sokoni, anapanga samaki na wateja wanauliza bei, ukamweleza mpaka akasema "aaa, ndiyo maana", basi hakuna profesa atakayekutisha. Ukishindwa kumweleza, rudi kwenye ukurasa.

Krediti usizicheze. Kozi uliyoshindwa L1 inakufuata L2, na ile ya L2 inaegemea juu yake. Mwanafunzi anajikuta L3 anaburuza kemia ya jumla kama mkia. Afadhali upate kidogo kila mahali kuliko kung'aa kozi mbili na kuacha shimo katika ya tatu. Na matokeo yakitoka, nenda ukasome mwenyewe ubaoni, uandike, ulinganishe na ulichoandika wakati wa mitihani. Makosa ya kunakili yapo. Rufaa ina siku zake, na siku zinapita upesi.

Kuna jambo ni lazima nikwambie kwa kuwa wewe ni msichana. Watu wanalifanyia utani, wanaliita pointi za ngono. Mimi halinichekeshi. Nilipokuwa mwaka wa pili, katika chuo ambacho sitakitaja, mwalimu mmoja alinirudishia karatasi yangu mara tatu bila pointi, kila mara akiniambia nije niichukue nyumbani kwake jioni. Sikwenda. Nilirudia kozi ile mwaka uliofuata, na baba yangu alilipa mara mbili kwa kosa lisilo lake wala langu. Wakati huo sikujua la kufanya. Wewe ujue. Nyumbani kwa mwalimu usiende, hata kwa kuchukua silabisi. Ofisini ingia na mwenzako, mlango ukiwa wazi. Ujumbe wa simu usiufute, hata ule unaokutia aibu. Mwambie mama yako siku ileile, usingoje ya pili, kisha mwende pamoja kwa dekano (mkuu wa fakilte) au katibu wake, na muandike barua mbaki na nakala yenye saini ya kupokelewa. Unyanyasaji wa aina hiyo ni kosa la jinai katika nchi yetu tangu sheria ya 20 Julai 2006. Na katika kikundi chenu cha watu wanne, kubalianeni mapema kwamba likimfika mmoja, wote mtasimama.

Staji usingoje chuo kikutafutie. Wengi wanaandika barua mwezi mmoja kabla, wakati kampuni na hospitali zimeshajaza orodha. Anza L2, mwanzoni mwa mwaka. Barua fupi, jina la fani, kozi za TP ulizofanya, mashine ulizozigusa. Usiandike "nina hamu kubwa ya kujifunza". Kila mtu anaiandika. Andika "nimefanya titresheni, najua kupima kwa mizani ya kimaabara, najua kuandaa na kusoma gutu epesi". Usitazame mashirika makubwa ya mine peke yake. Ziko maabara ndogo za kupima sampuli, ziko mashirika ya maji na vinywaji, ziko zahanati. Huko mtu wa staji hachoshwi kwa kubeba mafaili. Mikono ni michache, watakupa kazi. Na ukiwa staji, fika kabla ya zamu kubadilishana, kwa kuwa dakika zile ambapo wa usiku anamweleza wa asubuhi kilichoharibika, ndimo kazi yote inamosemwa.

Likizo ndefu nazo zina matumizi. INPP, taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, iko hapa mjini, ina mafunzo mafupi. Kompyuta, hasa Excel, usiikose, kwa sababu matokeo ya maabara yote yanaishia kwenye majedwali hayo. Na Kiingereza. Mpaka wa Kasumbalesa uko pale, Zambia wanafanya kazi ileile ya shaba kwa Kiingereza, na vitabu vya maelezo ya mashine nyingi viko katika lugha hiyo. Nusu saa kila siku kwa miaka mitatu itakufikisha mbali kuliko kozi ya miezi miwili ukiwa umeshamaliza.

Wiki hii, basi, fanya hivi. Jumatatu tazama buletini zako za hesabu. Jumanne au Jumatano nenda Kasapa asubuhi, umtafute mwanafunzi wa kemia na daftari lake. Siku inayofuata ISTM, vivyo hivyo. Kama rafiki yako anataka, mwende wote na kwenye chuo chake. Halafu Jumapili, baba mdogo akishakula, mpelekee karatasi mbili: ya miaka na ya pesa. Usianze na "mimi sitaki mine". Muulize kama anajua ni nani anayeiambia kampuni kwamba jiwe lile lina shaba. Mweleze juu ya chupa ya bluu na chupa ya waridi, pole pole, kama unavyomweleza mama yako osmosi. Kisha nyamaza, umwache aulize. Akishauliza, niandikie alichouliza, tuendelee kutoka hapo.